Kabla hujalipia kozi ya usimamizi wa miradi, pitia hapa kwanza (uzi mrefu, Moshi na Arusha)

StooYaMlimani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Napata ujumbe wa aina moja kila mara: "Kaka, nataka kusoma usimamizi wa miradi, chuo gani kizuri Arusha?" Mwingine anataka PMP (cheti cha kimataifa cha wasimamizi wa miradi), mwingine kaambiwa akasome Six Sigma (mbinu ya kupunguza kasoro, ngazi zake huitwa mikanda) apate mkanda wa njano. Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, naweka yote hapa. Niko upande wa uendeshaji kwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapa Moshi mjini. Jina la kampuni msiniulize. Si mhadhiri wala siuzi kozi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyouzwa kwenye mfuko mmoja. Kuna kazi inayojirudia na kuna kazi ya mara moja. Kwetu vifaa vinatoka stoo, vinapanda mlima, vinarudi, vinatoka tena. Huo ni mchakato. Kujenga stoo mpya, kufungua ofisi Arusha, kuhamisha bukingi kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta, hiyo ni miradi: ina mwanzo, ina mwisho, ikiisha imeisha. Ukitaka kujua yako ni ipi, jiulize kama mwezi ujao utaifanya tena vilevile.

Nimeona watu wakilipa hela nyingi kusomea miradi wakati kinachowaumiza ni mchakato. Chukua mwenye karakana ya samani mtaa wa Unga Limited, Arusha, ambaye makochi yake yanachelewa kila mwezi, mteja yule yule anapiga simu, majibu yale yale, "njoo Ijumaa." Huyo hana mradi hata mmoja. Mpeleke akasome PMP, atarudi anajua kuandika hati nzuri ya kuanzisha mradi, na kochi litatoka Ijumaa ya wiki inayofuata kama kawaida.

Kujifunza mchakato hakuanzi darasani. Chagua oda moja, ifuate kwa miguu kuanzia mteja anapolipa advansi mpaka anapopokea mzigo. Beba saa na daftari. Chora safu mbili: dakika ambazo mtu anaigusa kazi, na dakika ambazo kazi imekaa inasubiri. Kusubiri fundi, kusubiri gundi ikauke, kusubiri bosi apokee simu, kusubiri hela ya msasa. Usimsimamishe mtu kumuuliza kwa nini. Andika tu.

Mtu aliyeifanya kazi hii ikajulikana dunia nzima ni Taiichi Ohno wa Toyota, miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ikiwa haina hela za kushindana na Marekani. Alihesabu aina saba za upotevu: kuzalisha kupita kiasi, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kufanya kazi zaidi ya inavyotakiwa, kulundika akiba, kutembeatembea, na kasoro. Inasimuliwa kwamba alikuwa anachora duara la chaki sakafuni, anamsimamisha mhandisi humo masaa, kazi yake kutazama tu. Akirudi anamuuliza umeona nini. Jibu lisipomridhisha, mhandisi anabaki.

Mimi duara langu lilikuwa ndoo iliyogeuzwa, pembeni ya mlango wa stoo. Hema likirudi kutoka mlimani kazi inayotakiwa ni ndogo: kulianika, kupiga zipu brashi, kuhesabu vigingi na fimbo, kulikunja. Ukitoa muda wa kukauka, mikono inaligusa chini ya nusu saa. Lakini hema lilelile linakaa pale siku na siku likiwa bichi ndani ya mfuko wake, na hakuna anayelala. Watu wako bize kweli. Ni hema ndilo limelala.

Nikipata nafasi nitaendelea na upande wa miradi. Karibuni kwa maswali, na kwa matusi kiasi.

NjiroKwetu

Siti ya mbele hapa. Lakini mkuu, haya ya Toyota ni ya viwanda vya maelfu ya watu. Mimi nina karakana ya aluminiamu, mafundi wanne na kijana wa kubeba vioo. Umeme ukikatika tunakaa kwenye benchi tunakunywa chai. Nipime nini hapo? Sisi shida yetu ni mtaji, hizi nyingine ni hadithi za semina.

Mangi_wa_Pasua

Naweka kambi.

StooYaMlimani

NjiroKwetu, umeme ukikatika ndiyo uandike. Safu ya kusubiri, sababu umeme. Baada ya mwezi utajua kama umeme unakula muda kuliko, mfano, kusubiri mteja athibitishe vipimo vya dirisha. Wengi wetu tuna hakika adui ni umeme kwa sababu ndio unaoonekana na hauna ndugu wa kuutetea. Ikionekana kweli ni umeme, basi hoja ya kununua jenereta unayo kwa namba, hata benki wataisikiliza. Na mtaji usiusahau: vioo vilivyokatwa vikasimama ukutani wiki mbili vikisubiri fremu ni mtaji wako huo, umeegemea ukuta.

Ukubwa nao si hoja. Hapa nchini haya hayakuingilia viwandani. Wizara ya Afya ikishirikiana na JICA, shirika la misaada la Japani, walianza 2007 na zile S tano za kupanga mahali pa kazi kwenye hospitali ya rufaa Mbeya, baadaye ikasambaa hospitali nyingine. Waliosomea afya humu wanaimba: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Viwanda vilifuata, Wizara ya Viwanda na Biashara na JICA hao hao walianza kufundisha Kaizen (kuboresha kidogo kidogo bila kuacha) viwandani mwaka 2013. Wodi moja yenye manesi sita haina tofauti kubwa na karakana yako, isipokuwa wewe hakuna atakayekufia kioo kikichelewa.

Tahadhari moja. Hizo "S" tano zimegeuzwa sehemu nyingi kuwa rangi na vibandiko. Mgeni anakuja, anaonyeshwa ubao wenye picha ya bisibisi na bisibisi mahali pake, anapiga picha, anaondoka, na oda bado zinachelewa. Nimewahi kuona stoo moja imepakwa rangi ya njano mpaka sakafu, na mwenye stoo hajui ana mitungi mingapi ya gesi iliyojaa. Kusasambua kuna faida pale tu ulipojua kwanza muda unapotelea wapi. Ukianza na rangi utaishia na rangi.

Cherehani_Mbuyuni

Kaka nashukuru kwa uzi huu. Mimi nashona sare za shule, tuko karibu na soko la Mbuyuni. Wateja wangu wote wanakuja mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, wazazi wanataka leo kwa leo. Mwaka huu niliongeza kijana wa kukata, nikafikiri tutaenda mbio. Tumeishia na milundo mpaka chini ya meza na wazazi wananifokea kuliko mwaka jana. Nimeajiri zaidi, nimechelewa zaidi. Imekaaje hiyo?

StooYaMlimani

Dada, swali lako ndilo zuri kuliko yote humu, ngoja nilijibu kwa kirefu.

Taja hatua za shati moja: kukata, kuunga, kola, matundu ya vifungo, kushona vifungo, pasi. Ukiniambia kila hatua inatoa mashati mangapi kwa siku, nitakwambia karakana nzima inatoa mangapi: ni sawa na ile hatua ya polepole kuliko zote. Chukulia kukata ni 120 kwa siku, na mashine ya matundu ni 50. Karakana yako inatoa 50. Ukiongeza mkataji, kukata kunakuwa 200, na karakana inatoa 50. Tofauti ni kwamba 150 zinazozidi kila siku zinaingia chini ya meza.

Wazo hili Eliyahu Goldratt wa Israeli, mwanafizikia, alilieneza mwaka 1984, na maagizo yake hayahitaji hela mwanzoni. Tafuta hatua inayobana. Hakikisha haisimami hata dakika moja: mwenye mashine ya matundu akienda kula, mwingine akae pale. Shati lenye kasoro liondolewe kabla halijafika hapo, maana dakika uliyoitumia kutoboa shati litakalotupwa umeipoteza kwa karakana yote. Halafu hatua nyingine zote zifuate mwendo wa ile moja. Hapa ndipo wengi wanapokataa, kwa sababu maana yake mkataji akishafikisha 50 aweke mkasi chini akasaidie pasi. Bosi wa Kitanzania akimwona mkataji hakati anapandwa na presha.

La pili, kwa nini mzazi anasubiri muda mrefu zaidi ingawa watu wameongezeka. Kuna kanuni John Little aliithibitisha kihesabu mwaka 1961, na inatumika benki, hospitali, foleni ya mizigo, popote. Kazi zilizoanza ambazo hazijaisha uzigawanye kwa kasi ya kumaliza, unapata muda wa wastani ambao kila kazi inakaa ndani. Mashati 300 yako mezani hayajaisha, unamaliza 50 kwa siku: shati linaloingia leo litatoka baada ya siku 6. Ukizuia kukata mpaka ndani yabaki 150, kasi ikabaki 50 ile ile, shati linatoka baada ya siku 3. Fundi ni walewale, mashine ni zilezile. Kilichopungua ni lundo.

Kwa hiyo kijana wako wa kukata amekuongezea lundo, na lundo ndilo lililokuongezea siku.

Cherehani_Mbuyuni

Mashine ya matundu kweli ni moja. Na yule dada wa matundu ndiye ninayemtuma sokoni kununua uzi kwa sababu anajua rangi.

Mangi_wa_Pasua

😂😂 Dada umejijibu.

Kijana_IAA

Mkuu mimi niko Chuo cha Uhasibu hapa Njiro, mwaka wa mwisho. Hizo za lundo nimeelewa, ila ajira zikitangazwa wanaandika "mwenye PMP atapewa kipaumbele". Nifanyeje? Nisome nini, wapi?

StooYaMlimani

Sawa mdogo wangu, tuingie kwenye vyeti bila kuoneana haya.

PMP inatolewa na PMI, chama cha wasimamizi wa miradi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969, na cheti chenyewe kipo tangu 1984. Wewe huwezi kuomba sasa hivi, hata ukiwa na hela. Wanataka miezi 36 ya kuongoza miradi kama una digrii, miezi 60 kama una cheti cha sekondari, na juu yake saa 35 za mafunzo. Mtihani una maswali 180. Ada ni mamia ya dola, na ukifeli unalipa tena. Kwa mwanafunzi kuna mdogo wake, CAPM, ambayo haidai uzoefu, inadai saa 23 za mafunzo tu. PRINCE2 ni ya Uingereza, utaikuta zaidi kwenye mashirika yenye mfadhili wa huko.

Je, inalipa? Arusha inalipa kuliko Moshi, na sababu ni mashirika ya kimataifa, NGO, na kampuni zinazoomba zabuni ambapo karatasi inahesabiwa alama. Kwenye kampuni ya mtu binafsi, ya utalii, ya samani, ya maua, sijaona mwajiri aliyeongeza mshahara kwa sababu ya herufi tatu. Anaongeza akiona safari zimeacha kuchelewa kutoka. Kama njia yako ni NGO, anza na CAPM, kusanya miezi, PMP itakukuta njiani. Kama njia yako ni biashara, hela hiyo ina kazi nyingine.

Six Sigma ndiyo ya kuangalia kwa macho mawili. Ilizaliwa Motorola mwaka 1986, lengo lake ni kasoro zisizozidi 3.4 kwa kila fursa milioni. Hakuna chombo kimoja duniani chenye haki ya kugawa mikanda yake, ndiyo maana mtu yeyote mwenye projekta na ukumbi wa hoteli anaweza kukuvika mkanda mweusi wikiendi moja. Kabla ya kulipa uliza nani anatunga mtihani na kama kuna kazi halisi unayotakiwa kuileta. Halafu jiulize kama hesabu zake zinakuhusu. Kiwanda kinachotoa vyandarua kwa malaki, sawa, takwimu zitaongea. Mimi ninayetoa safari chache kwa wiki nitazeeka kabla sijafikisha fursa milioni moja za kukosea. Kwangu daftari na swali la "kwa nini" vinatosha.

Maeneo: ESAMI, taasisi ya mafunzo ya menejimenti pale Njiro Hill, kozi zake fupi ni nzuri, lakini zimepangwa kwa mtu anayelipiwa na ofisi. Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi wana ununuzi na ugavi, na ukiniuliza mimi, mtu wa ugavi anayejua kusoma lundo ana thamani kuliko meneja mradi asiyejua. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wapo mikoa yote miwili, kwa mwenye karakana ndogo anzia huko. Mtandaoni Google wana kozi ya usimamizi wa miradi kwenye Coursera tangu 2021, unasoma kwa mwendo wako, na Coursera huwa na fomu ya kuomba msaada wa ada. Jaza kwa ukweli, usinakili ya rafiki.

NjiroKwetu

Upande wa miradi uliahidi. Na usituletee zile chati za rangi rangi tu.

StooYaMlimani

Chati za rangi, zile za mistari inayoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini, ni za Henry Gantt, zina zaidi ya miaka mia na bado hazijapata mpinzani, kwa hiyo usizidharau. Ila chati haikwambii uhangaike na nini. Kinachokwambia ni mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana, hesabu iliyotengenezwa kampuni ya kemikali ya DuPont mwaka 1957.

Tuchukue mradi wa kawaida wa mji huu: kujenga stoo, msimu wa mwezi wa sita uikute imekamilika. Chukulia kibali cha ujenzi wiki 4, msingi 2, kuta 3, paa 2, kufunga rafu 1. Jumla 12. Rafu za chuma fundi anazitengeneza wiki 3, na vipimo anaweza kuchukua msingi ukishamalizika, yaani wiki ya 6. Wakati yeye anachomelea, kuta na paa zinaendelea mpaka wiki ya 11. Fundi wa rafu ana wiki 2 za kupumua. Akichelewa wiki moja usimpigie kelele, hajachelewesha chochote. Kuta zikichelewa wiki moja, ufunguzi umesogea wiki moja, hapo ndipo uamkie saiti.

Sasa ona tunavyofanya. Kuta, paa, kila kitu kimesimama, ndipo bosi anasema "haya, tafuteni fundi wa rafu." Wiki ya 11, jumlisha 3, jumlisha 1. Umefika 15 na hakuna aliyefanya kazi polepole.

Halafu mvua. Huku masika ni mwezi wa tatu mpaka wa tano, na wa nne ndio wenyewe. Ukihesabu wiki 12 kurudi nyuma kutoka tarehe 1 ya mwezi wa sita unaangukia wiki ya pili ya mwezi wa tatu, yaani msingi unachimbwa kwenye maji. Kwa hiyo tarehe ya kuanza hukuichagua wewe wala mkandarasi, imechaguliwa na paa: lazima liwe juu kabla ya masika kuchanganya. Kibali kiombwe mwezi wa kumi na moja. Mtu akikwambia usimamizi wa miradi ni programu ya kompyuta, muulize mvua ya Moshi inaingia kwenye kitufe kipi.

Kitu kingine hakimo kwenye kozi nyingi: miradi yetu hailali kwa sababu ya kazi, inalala kwa sababu ya maamuzi. Fundi anasubiri kujua mlango uwe wa upana gani. Mwenye kuamua yuko Dar, simu haipokelewi, akipokea anasema "nitaona." Siku ya kwanza ya mradi andikeni nani anaamua nini na mpaka kiasi gani cha fedha bila kuuliza. Karatasi moja. Mabosi hawaipendi, ila ndiyo inayookoa wiki.

Na msianze kujenga kitu ambacho mchoro wake haujaisha. Jumba la opera la Sydney walianza kulijenga 1959 wakati hawajajua yale mapaa ya makombe yatasimamaje. Lilipangwa liishe 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Likafunguliwa 1973, milioni 102. Hao ni matajiri. Sisi tukifanya hivyo tunaacha nguzo zimesimama, mbuzi wanapumzikia.

Mpagazi_wa_Zamani

Nimesoma yote taratibu. Vijana mnaandika vizuri. Nimebeba mizigo mlima huu miaka mingi, njia ya Machame na Marangu. Nina neno moja kuhusu vifaa vyenu. Maboresho ya ofisini mara nyingi yanamwangukia mpagazi. Ikija fomu ya kurudisha vifaa, keshokutwa yake ni makato. Kigingi kimepotea kambi ya Barafu usiku kwenye upepo, mtu anakatwa hela ya siku. Je, huko kwenye safu zako mbili umetuweka wapi?

StooYaMlimani

Shikamoo mzee wangu. Hili nilitaka mtu aliseme, na wewe ndiye wa kulisema.

Fomu ya makato ni mbaya hata kwa kampuni. W. Edwards Deming, Mmarekani aliyekwenda kufundisha Wajapani udhibiti wa ubora mwaka 1950, alisisitiza mpaka mwisho: ondoa woga kazini. Sababu yake haikuwa huruma peke yake. Mtu akiogopa hakwambii ukweli, na bila ukweli huna cha kuboresha. Ukikata hela kwa zipu iliyokufa, mwezi ujao zipu zote zitarudi "nzima" kwenye fomu, na mgeni ataigundua kule juu, zaidi ya mita 4,600, usiku wa kuelekea kileleni.

Nikupe zipu hiyo hiyo. Sakichi Toyoda, baba wa familia iliyoanzisha Toyota, aliwaachia watu wake tabia ya kuuliza kwa nini mara tano. Zipu imekufa, kwa nini? Imejaa vumbi. Kwa nini? Haikupigwa brashi. Kwa nini? Hema lilirudi usiku likatupwa ndani. Kwa nini? Gari linatoka getini jioni, na mtu wa stoo anafunga saa kumi. Kwa nini anafunga saa kumi? Kwa sababu zamu yake ilipangwa na mtu wa mahesabu kwa kuangalia saa za ofisi. Tafuta mpagazi kwenye huo mnyororo, hayumo. Aliyemo ni mpanga zamu, na huyo hakatwi.

Kinachofanya kazi kwetu ni rahisi. Kila hema lina namba kwa wino usiofutika ndani ya mdomo wa mfuko. Likirudi, yeyote anayelishusha analifunga utepe: mwekundu kama ana wasiwasi nalo, mweupe kama hajui. Jina lake haliandikwi. Wa kijani unafungwa na stoo peke yake baada ya kulikagua, na hakuna kinachopakiwa bila kijani. Zamu ya stoo imesogezwa kufuata gari.

La pili linakuhusu wewe moja kwa moja: mizani. Getini wanapima, mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Zamani tulipakia kwa macho, tukifika Machame mifuko inafunguliwa chini, viazi vinahamia huku, gesi kule, wageni wamesimama wanatazama. Sasa mizani ya kuning'iniza iko kwenye boriti ya stoo, kila mfuko unapimwa jioni ya kuamkia safari na uzito unaandikwa kwenye utepe. Mpagazi anajua anabeba nini kabla hajapanda gari, na akiona kimezidi anakataa pale pale, siyo msituni.

Mpagazi_wa_Zamani

Marahaba. Kukataa stooni ni kitu kizuri. Getini ukikataa wapo kumi wanasubiri nafasi yako.

Kijana_IAA

Mzee umenyoosha.

Cherehani_Mbuyuni

Narudi kidogo. Uzi sasa ananunua mtoto wangu, anapewa kipande cha kitambaa cha kuonyeshea rangi. Yule dada hatoki kwenye mashine. Matundu yameongezeka bila kununua kitu. Ila sasa lundo limehamia kwenye pasi!

StooYaMlimani

Hongera dada, ndivyo inavyokwenda, kinachobana kinahama. Usinunue pasi ya pili bado. Angalia kwanza kama pasi wanasubiri umeme, wanasubiri vifungo, au wanapiga pasi pande ambazo mzazi haangalii. Hiyo ya mwisho Ohno anayo kwenye orodha yake, kufanya kazi zaidi ya inavyotakiwa. Na yule mkataji akishamaliza 50 zake ndiye msaidizi wako wa pasi, unaye tayari.

NjiroKwetu

Haya, nimekubali nusu. Weka picha ya hilo daftari tuone.

StooYaMlimani

Picha siweki, kuna majina ya wageni. Safu zake ni hizi, chora mwenyewe: namba ya oda, hatua, saa iliyoingia kwenye hatua, saa mtu alipoanza kuigusa, saa alipomaliza, ilikuwa inasubiri nini. Tofauti ya safu ya tatu na ya nne ndiyo ya kuijumlisha Jumamosi. Tumia kalamu ya wino, penseli inafutwa mtu akiona namba yake haimpendezi. Na kwako wewe wa vioo ongeza safu moja zaidi, tarehe mteja alipothibitisha vipimo. Nina wasiwasi na hiyo kuliko umeme.